Kung'aa si Kudumu: Namna ya Kuchagua Vanishi ya Kazi za Mikono

Katika karakana za Changamwe na vibanda vilivyo karibu na Fort Jesus, kinyago, trei ya mbao au kikombe cha kifuu huuzwa kwanza kwa macho. Mteja huvutwa na mng'ao. Hata hivyo, mng'ao wa siku ya kuuza si dhamana. Trei iliyopakwa vanishi isiyoifaa huanza kutoa madoa meupe au kubambuka baada ya muda mfupi, na fundi hudaiwa pesa zake, au humpoteza mteja bila kujua. Somo hili linawaonyesha mafundi, pamoja na vikundi vya akina mama na vijana, namna ya kuchagua mpako unaong'aa na kudumu.

Kwanza, mbao ikauke

Hakuna vanishi inayoweza kuokoa mbao mbichi. Wachongaji wengi siku hizi hutumia mwarobaini na mwembe, kwa kuwa mpingo na muhugu vimeadimika. Mti huchongwa ungali na maji kwa sababu ni laini. Ukipakwa kabla haujakauka, unyevu hutafuta njia ya kutoka, mpako hufanya malengelenge, kisha hubambuka. Kinyago cha namna hiyo kikipelekwa nchi ya baridi, ambako nyumba hupashwa moto, hewa kavu hukipasua.

Kipimo rahisi ni mizani. Kifaa hupimwa, uzito ukaandikwa, kisha kikawekwa kivulini penye hewa. Hupimwa tena kila baada ya siku tatu. Uzito ukiendelea kupungua, bado. Usipobadilika mara mbili mfululizo, kifaa ki tayari. Kukianika kwenye jua kali hukausha nje kabla ya ndani, na hapo ndipo nyufa huanzia.

Pili, kifaa kitatumika wapi?

Swali hili litangulie swali la bei.

Vanishi ya spiriti, yaani shelaki, hutokana na utomvu wa wadudu. Hukauka haraka na kung'aa vizuri. Inafaa kinyago cha kuwekwa kabatini. Haifai trei, kwa sababu kikombe cha chai moto huacha duara jeupe, na spiriti ikimwagika huiyeyusha.

Laka ya NC hukauka kwa dakika chache, kwa hiyo hupendwa na mwenye oda nyingi. Adui yake ni unyevu wa Pwani. Ikipulizwa siku ya mvua au hewa ikiwa nzito, huota ukungu mweupe. Afadhali fundi asubiri siku kavu.

Vanishi ya poliyurethani ni ngumu, na huvumilia maji na mikwaruzo. Hii ndiyo ya trei, visanduku na vifuu vya mapambo. Ile ya mafuta huwa na umanjano unaozidi kadiri muda unavyopita. Ile ya maji hubaki angavu, hivyo inafaa zaidi juu ya rangi nyeupe au michoro.

Vanishi ya mashua hunyumbulika mbao inapopanuka na kunywea, na huwa na kinga dhidi ya jua. Inafaa kibao cha jina kinachotundikwa nje, ingawa nayo huhitaji kupakwa upya mara kwa mara.

Epoksi huchanganywa sehemu mbili na kutoa mng'ao mzito kama kioo. Vipimo vikikosewa hubaki ikinata, na juani hugeuka manjano.

Vijiko vya kupakulia na bakuli za chakula ni jambo jingine. Mpako wa kung'aa huchubuliwa na kuingia chakulani. Kwa vyombo hivi, nta ya nyuki iliyoyeyushwa juu ya maji moto pamoja na mafuta kidogo ya nazi inafaa zaidi. Mng'ao wake ni wa kiasi, na hurudiwa kila chombo kinapoonekana kikavu.

Tatu, kupaka bila haraka

Kifaa hupigwa msasa namba 220 na kufutwa vumbi lote. Mipako mitatu myembamba hushinda mmoja mzito. Kila mpako ukikauka, hupigwa msasa laini namba 320 kabla ya unaofuata. Pande zote hupakwa, hata chini, la sivyo unyevu huingia upande mmoja na kukipinda kifaa.

Kukauka si kukomaa. Poliyurethani ya mafuta huweza kushikwa kesho yake, lakini hukomaa baada ya wiki kadhaa. Kifaa kikifungwa kwenye gazeti mapema, karatasi hunata.

Kabla ya kupaka oda nzima, fundi ajaribu kipande cha mbao ile ile. Mpako ukishakomaa, aweke tone la maji usiku kucha, kikombe cha chai moto kwa dakika kumi, kisha aukwaruze kwa kucha. Mwisho abandike utepe wa gundi na kuubandua kwa nguvu. Utepe ukitoka na vanishi, kuna kasoro katika mbao au upakaji.

Usalama

Mvuke wa thina na laka hudhuru mapafu na hushika moto upesi. Kazi hii hufanyiwa penye hewa, mbali na jiko, sigara na watoto. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta visirundikwe, kwani huweza kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje hadi vikauke kabisa, au viloweshwe maji.

Kopo liwe na alama ya ubora ya KEBS. Mnunuzi anaweza kuihakiki kwa kutuma neno SM# likifuatwa na nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo, kwenda 20023.

Kopo la vanishi inayofaa huenda likagharimu zaidi, lakini trei inayorudishwa hula faida ya trei kadhaa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi inayobaki iking'aa mwaka wa pili humletea fundi mteja mwingine bila kumtafuta.