Kimeng'enya Kinachoijua Zebaki

Kidato cha sita nilikariri, kama wengi wetu, kwamba vimeng'enya vyote ni protini. Mtihani nilifaulu, ila sentensi hiyo si kweli. Mwaka 1982 Thomas Cech alionyesha RNA inayojikata yenyewe bila protini. Yeye na Sidney Altman wakapata Nobel ya kemia mwaka 1989. Mwaka 1994 Ronald Breaker na Gerald Joyce wakapata DNA inayokata RNA kwa msaada wa ioni za risasi. Yaani DNA nayo ni kichocheo, na inachagua nani wa kufanya naye kazi.

Hapo nikakumbuka nyumbani, Tarime. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye karasha, hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma ili zebaki ipae, dhahabu ibaki. Nyingine huishia kwenye udongo na maji. Mto Tigithe unaingia Mto Mara, na Mara unapita kati ya Tarime na Serengeti kuelekea Ziwa Victoria. Zebaki iliyoyeyuka majini huioni kwa macho. Mama anayeteka maji atajuaje?

Sasa kemia yenyewe. Kwenye DNA, herufi T hushikana na A. T mbili zikitazamana hazishikani, lakini ioni ya zebaki ikikaa katikati inaziunganisha. Mwaka 2007 Juewen Liu na Yi Lu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichukua kimeng'enya cha DNA kinachotumia urani, wakakiwekea jozi za T na T. Kikalegea, kikashindwa kukata. Zebaki ikiingia, umbo linarudi, uzi unakatwa na mwanga uliokuwa umezimwa unawaka. Kiliweza kugundua takriban mikrogramu 0.5 kwa lita. Mwongozo wa WHO kwa maji ya kunywa ni 6.

Tusishangilie mapema, jamani. Kipimo hiki kinaona ioni za zebaki zilizoyeyuka, si zebaki iliyojificha kwenye minofu ya samaki. Kwa hiyo kisipowaka, usimwambie mama yuko salama kwa kila kitu.

Wewe unayehangaika na mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, anzia hapa: je, kinachofanya kazi kwenye maji safi ya maabara kitafanya kazi kwenye tope la Tigithe?