Hita Ikinuka Kuungua

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na upepo unaoteremka kutoka Mlima Elgon jioni hauna huruma kwa nyumba ya mabati. Mvua iliyoanza Aprili huwa imeshalowesha kuta, na ikifika Juni au Julai kila nyumba ya mtaa wetu wa Matisi inatafuta joto. Hita iliyolala tangu mwaka jana inashushwa kutoka juu ya kabati, inachomekwa, na baada ya dakika mbili chumba kizima kinanuka kuungua. Kuna wanaoizima na kuogopa kuigusa tena. Kuna wanaosema ndivyo hita zilivyo, wakalala ikiwaka. Wote wamebahatisha, kwa sababu hawajauliza harufu yenyewe inatoka wapi.

Mara nyingi ni vumbi. Limetua kwenye koili miezi yote hiyo, na koili ikishika moto linaungua. Huku Trans Nzoia tuna vumbi letu. Mahindi yakishavunwa mwisho wa mwaka, magunia huingia ndani ya nyumba, wakati mwingine chumba kilekile kilichohifadhi hita, na hita inapokea pumba, unga, na hata dawa iliyonyunyiziwa mahindi kuzuia fukusi. Palipo na mahindi pana panya. Hita ni pahali pazuri pa panya kulala, na waya wake ni kitu kizuri cha kutafuna.

Kwa hiyo kabla ya kuichomeka, itoe nje penye mwanga. Ipindue na uitikise taratibu. Kikidondoka kinyesi cha panya, vipande vya karatasi au nyuzi za gunia, usiiwashe mpaka ifunguliwe na kusafishwa ndani, maana kiota kikavu juu ya koili ni moto tayari. Kama ni vumbi tu, lipanguse kwa brashi ya rangi iliyo kavu na safi, ukipitisha katikati ya vyuma vya mbele, kisha ufute mwili wake kwa kitambaa kikavu. Maji yasiguse popote. Halafu shika waya na upitishe vidole kutoka kwenye hita hadi kwenye plagi, polepole. Meno ya panya utayahisi kabla hujayaona. Waya uliotafunwa hadi shaba ikaonekana haufungwi kwa selotepu. Unabadilishwa.

Sasa iwashe juu ya sakafu ya saruji, mlango na madirisha yakiwa wazi, watoto wakiwa mbali, na wewe ukiwa hapo hapo. Harufu ya vumbi ni kavu, na dalili yake kubwa ni kwamba inapungua. Baada ya robo saa, au nusu saa ikizidi sana, inapaswa kuwa imeisha. Hita mpya nayo hunuka mara ya kwanza kwa sababu ya mafuta na rangi ya kiwandani, nayo huisha vivyo hivyo. Harufu isiyopungua, au iliyoisha jana ikarudi leo, si ya vumbi.

Inayonitia wasiwasi hasa ni harufu ya plastiki. Mara nyingi haitoki kwenye hita yenyewe bali kwenye plagi au soketi, ndiyo maana mtu anakagua hita wee, haoni kitu. Tena plastiki ngumu ya soketi ikipata joto jingi inaweza kutoa harufu kama ya samaki. Ukinusa samaki na siku hiyo hamjapika omena, nenda moja kwa moja kwenye soketi.

Zima swichi ya ukutani kwanza, ndipo uchomoe. Plagi yenye vuguvugu si ajabu. Ikiwa na moto kiasi kwamba huwezi kuishika, pana shida. Igeuze utazame pini zake tatu. Mara nyingi utakuta moja imezungukwa na rangi ya kahawia pale inapotokea kwenye plastiki, na plastiki yenyewe imebonyea kidogo. Maana yake skrubu ya ndani imelegea, au soketi imechoka na haiikazi pini vizuri. Umeme unapita penye mguso hafifu, na mguso hafifu huzaa joto. Hapa watu wengi hubadilisha plagi peke yake, na baada ya wiki plagi mpya inaungua palepale, kwa kuwa soketi iliyoharibika bado iko ukutani. Badilisha zote mbili.

Piga hesabu pia. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 240 inavuta ampea 8 na zaidi kidogo. Soketi zetu zimetengenezewa ampea 13, kwa hiyo ikiwa peke yake inatosha. Lakini ukiweka hita na birika la umeme la wati 2,000 kwenye ekstensheni moja, umepita 16, na ekstensheni nyingi za bei nafuu zina waya mwembamba usioweza hata hiyo 13. Hita ichomekwe ukutani. Kama soketi iko mbali na huna budi kutumia ekstensheni, iwe nene, ikunjuliwe yote, isipite chini ya zulia wala godoro, na isibebe kitu kingine. Fyuzi ikiungua, weka fyuzi. Ukiweka waya au karatasi ya sigara mahali pake, hita itawaka vizuri sana, na kitakachoungua safari nyingine ni nyumba.

Kwa wapangaji kuna jambo zaidi. Ploti nyingi zilivutiwa stima ya balbu na redio, vyumba vyote vikigawana laini moja. Ndiyo sababu mwenye ploti hukataza hita, na mimi naona mara nyingi ana haki, hata kama anatamka kwa ukali. Ukiwasha hita taa zikafifia chumbani kwako na kwa jirani, ukuta ukiwa na joto karibu na swichi, au ukisikia mlio wa kukwaruza ndani ya soketi, laini hiyo imezidiwa. Mwambieni mwenye ploti kwa pamoja alete fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Harufu ikitoka kwenye mita au kwenye waya unaoingia nyumbani, usifungue kitu. Piga Kenya Power, 97771.

Hita ikianza kutoa moshi, kimbilia swichi ya ukutani au swichi kuu kabla ya kitu kingine chochote, na usimwagie maji kitu ambacho bado kina stima. Na wakati wa mvua, sare za shule zisitundikwe juu ya hita hata kama kesho ni Jumatatu. Sweta ya sufu ikianguka kwenye koili huanza kwa harufu ya nywele kuungua, na muda wa kuokoa kitu ni mfupi.

Hita ya wati 2,000 inakula uniti mbili za stima kwa kila saa. Ni tokeni ambazo wengi hawana, na hapo ndipo jiko la makaa linapoingia chumbani. Kwa hita, pua yako ni mlinzi mzuri. Kwa jiko, pua inakuhadaa.

Jiko likiwashwa linafuka moshi, macho yanawasha, kwa hiyo linaachwa nje. Makaa yakikolea yakawa mekundu, moshi unaisha na harufu inaisha. Watu husema sasa limeiva, wanaliingiza ndani na kufunga mlango kwa sababu ya baridi. Lakini makaa hayo yanaendelea kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha koo. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo damu inashindwa kubeba oksijeni. Aliyelala hashtuki. Anazidi kulala. Jiko lililofunikwa majivu bado linaitoa, jiko la kauri linaitoa, na magunzi ya mahindi yanaitoa pia. Beseni la maji kando ya jiko haliizuii. Dirisha lililoachwa wazi kidogo haliaminiki, maana upepo ukitulia hewa haitoki.

Kama mmepika kwa makaa, pikeni mlango ukiwa wazi, na jiko litoke nje kabla ya mtu yeyote kufumba macho, mtoto aliyesinzia kwenye kochi akiwemo. Liweke mbali na ukuta wa mbao. Moto uliobaki uchemshe maji ya chupa ya mpira, ile ya kuwekwa kitandani. Ifunge vizuri, izungushie leso, uitie ndani ya blanketi dakika kumi kabla ya kulala, na usiigandamize kwenye ngozi ya mtoto mchanga. Chupa ya soda haifai, maji ya moto huikunja ikavuja. Kipo pia kifaa kidogo cha betri kinachopiga kelele hewa hiyo ikijaa chumbani. Ukikipata, kinunue.

Dalili za sumu ya hewa hiyo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na miguu kulegea, na kwetu huku mtu hufikiria malaria mara moja. Tazama mambo mawili: kama mnaumwa kichwa wote nyumba nzima kwa wakati mmoja, na kama mkitoka nje mnapata nafuu, kisha usiku unaofuata maumivu yanarudi. Ukishuku, fungua mlango, toa watu wote nje kwenye hewa safi, asibaki mtu kukusanya vitu. Usipoteze muda kwa kumnywesha mtu maziwa. Sumu hii imeingia kwa pumzi, na dawa yake ni oksijeni. Piga 999 au 112, au shika gari la kwanza utakaloona mpaka hospitali ya rufaa ya Wamalwa Kijana. Ukifika, kabla ya kueleza kichwa au kutapika, mwambie daktari kwamba mlikuwa na jiko la makaa ndani. Kile kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa wakati damu imejaa sumu, na usipomwambia, huenda akaanza kwa kupima malaria.