Meno ya Bandia: Kipi Kinunuliwe Hadwea?



Kikundi kikimsaidia kijana aliyesomea ufundi wa meno ya bandia afungue karakana, mweka hazina huuliza: mbona vitu vya duka la meno ni ghali hivi, na vingine vinafanana kabisa na vya hadwea? Swali ni halali. Kabla ya kununua, ulizeni kitu hicho kitaishia wapi: mezani au kinywani.

Tuanze na plasta. Ile nyeupe ya dari na ile ya fundi wa meno zote hutokana na jasi, jiwe linalochimbwa hata hapa kwetu Kajiado, likichomwa mpaka maji yake mengi yatoke. Lakini ya ujenzi mara nyingi hutiwa dawa ya kuchelewesha kuganda, ili fundi wa dari apate nafasi ya kuisawazisha. Basi msinunue gunia kabla ya kujaribu kilo moja. Pimeni gramu 100 za unga kwa mililita 50 za maji, mkoroge. Nusu saa ikipita na kucha bado inazama, mwachieni mwenye dari. Ikiganda vizuri itafaa kushikilia modeli ndani ya kopo la chuma la kupikia meno. Modeli yenyewe, ule mfano wa ufizi ambao meno hupangwa juu yake, itengenezwe kwa plasta ngumu ya meno. Ile laini hukwaruzika upesi, na kasoro ndogo tu humchubua mtu ufizi. Mzee ameuza mbuzi apate meno. Yakimuumiza atayaweka kwenye kikombe arudie uji.

Tena gunia kubwa wakati wa masika hunyonya unyevu likaharibika. Hapo mmeokoa nini?

Vingine havina shida: msasa, spiriti ya taa, brashi. Mpira wa mtoto uliokatwa nusu ni bakuli zuri la kukorogea, maana ukiubinya, plasta iliyokauka inabanduka. Na kina mama wenye mizinga wamwuzie fundi nta safi iliyochujwa, ya kuzungushia kipimo cha kinywa kabla ya kumwaga plasta.

Sasa vile vya kinywani. Ule unga wa waridi na maji yake, yaani akriliki, ununuliwe duka la meno tu. Akriliki ya vibao vya matangazo haikutengenezwa kwa ajili ya mwili. Hata ile ya meno, isipoiva vizuri kwenye maji ya moto, kemikali inayobaki huwasha ufizi. Na tafadhali, meno yakivunjika msiyaunge na super glue nyumbani! Vipande vikikaa upande kidogo, fundi atasumbuka kuvirudisha. Mpelekeeni vyote, hata kile kidogo.

Kazi ya mkutano ujao: mweka hazina alete risiti za miezi 3, mzisome pamoja na fundi. Kila kitu mkiandikie M kwa meza au K kwa kinywa. Mkibishana, fundi ndiye aamue, wala asilazimishwe kwa sababu ya bei.