Kutoka Kashaulili hadi ukingo wa Kalambo: mambo ya kujua kabla ya kufunga safari

Ukimtajia mkazi wa Kashaulili neno utalii, mawazo yake huenda Sitalike, kwa viboko wa mto Katuma. Ni haki yake, kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi ipo mwendo wa kilometa kama 35 tu kutoka Mpanda mjini. Lakini ipo safari nyingine ambayo familia ya Mpanda inaweza kuimudu kwa siku tatu, nayo ni ya kwenda kusimama juu ya ukuta wa mwamba wa maporomoko ya Kalambo, mkoani Rukwa, kisha kuteremka Kasanga kuliona Ziwa Tanganyika. Sisi wa magharibi bahari tunaisikia kwa wenzetu. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na duniani linatanguliwa na Baikal peke yake.

Mto Kalambo ndio mpaka wa Tanzania na Zambia mahali hapo. Ukifika mwisho wa uwanda wa juu wa Ufipa, maji yake huanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200 bila kukatizwa na mwamba katikati. Maporomoko ya Viktoria yanayosifiwa dunia nzima yana mita 108, kwa hiyo haya ni karibu mara mbili yake kwa urefu, ingawa kwa upana hayafui dafu. Ukiangalia kwa makini utaona maji yanatoka juu yakiwa mazito, na kadiri yanavyoshuka yanachanika na kuwa nyuzi, halafu mvuke. Kwenye kuta za pembeni utaona michirizi myeupe kama chokaa imemwagwa. Hiyo ni kinyesi cha korongo wale wakubwa wenye upara tuliozoea kuwaona majalalani mijini. Hapa Kalambo ndege hao hutaga na kulea makinda kwenye vishubaka vya mwamba wakati wa kiangazi.

Ndiyo maana suala la mwezi wa kwenda lina uzito. Mvua za huku huanza Novemba na kukoma Aprili. Februari na Machi maji ni mengi kupita kiasi, lakini barabara za vumbi huwa tope na ukungu unaweza kukuficha kila kitu. Septemba na Oktoba njia ni kavu, ila maji yamepungua. Kwa maoni yangu Mei ndiyo bora, maana mto bado umejaa, mvua imekata na njia imeshikamana. Mwenye hamu ya kuona ndege aende kiangazi.

Kutoka Mpanda hadi Sumbawanga ni kilometa karibu 240, na mabasi yapo kila siku. Kabla ya kuondoka muulize dereva hali ya kipande cha Sitalike, Lyambalyamfipa hadi Kizi, hasa kama mvua imenyesha. Barabara hiyo inapita ndani ya hifadhi, kwa hiyo usishuke garini kupiga picha hata kama twiga amesimama kando ya njia, na mwenye gari lake apunguze mwendo. Mbung'o ni wengi. Huvutwa na rangi ya bluu iliyoiva na nyeusi, basi vaa kaki au rangi ya udongo na ufunge vioo. Beba sweta pia, kwani Mpanda iko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari na Sumbawanga inazidi 1,600. Juni na Julai baridi ya Ufipa huwashangaza sana watoto wa Katavi.

Lala Sumbawanga, uamke mapema kwenda Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo. Kutoka hapo hadi kijiji cha Kapozwa, yalipo maporomoko, utahitaji gari la kukodi au bodaboda. Patana nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda. Eneo linasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA. Malipo ya serikali hupitia namba ya malipo kwa simu au benki, basi weka salio mapema, kabla hujafika mahali mtandao unaposumbua.

Sasa ukingoni. Hapa ndipo ninapoomba msomaji asikilize kuliko mahali pengine pote. Mwamba uliolowa mvuke huota ukoga, na ukoga hauonekani mpaka mguu umeshateleza. Vaa viatu vyenye meno, malapa yabaki garini. Mtoto ashikwe mkono na mtu mzima mmoja, na mtu huyo asiwe ndiye mpiga picha. Usipige picha ukiwa umeupa ukingo mgongo, wala usirudi nyuma ili watu wote waingie kwenye picha. Usirushe jiwe kuangalia litachukua muda gani kufika chini, maana kuna ngazi za kushukia bondeni na huenda watu wako huko. Usivuke mto kwa miguu kuelekea upande wa pili, kwani ile ni Zambia, na mkondo una nguvu.

Kushuka ngazi ni kwepesi, kazi ni kupanda. Mwenye shinikizo la damu, magoti mabovu au mimba kubwa abaki juu, na hatakosa kitu kikubwa, maana mandhari nzuri zaidi iko huko huko juu. Kila mtu awe na lita moja na nusu ya maji. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo funga chakula kwenye hotpoti au kikapu.

Mchana teremka Kasanga kwa barabara ya bandarini. Ziwa linavutia kuogelea, ila uliza wenyeji kwanza. Kuna mamba, na kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna kichocho.

Walimu wa historia nao wana sababu ya kuja. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, mwanaakiolojia Desmond Clark alianza kuchimba mwaka 1953, na mwaka 2023 wanasayansi walitangaza magogo yaliyochongwa na kuunganishwa miaka kama 476,000 iliyopita. Mwalimu anayetaka kuleta darasa aandikie ofisi ya TFS mapema na aombe mhifadhi wa kuwaongoza. Siku ya safari awahesabu wanafunzi mara mbili, kabla ya kushuka ngazi na baada ya kupanda.