Hirzi ya Seva: Darsa Fupi ya Amana, Joto na Umeme

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu, katika fiqhi tunasoma mlango wa wadia, yaani mali aliyoachiwa mtu aitunze. Wanachuoni wanasema mtunza amana halipi kitu kikiharibika bila kosa lake. Hulipa akivuka mpaka au akizembea, na uzembe huo unaitwa tafriti. Tena kila kitu kina hirzi yake, yaani mahali pa usalama panapokifaa: dhahabu sandukuni, mbuzi zizini. Ndilo neno lililozaa "hirizi" ya Kiswahili, ingawa hapa halihusu vya kuvaa shingoni.

Je, hirzi ya seva ni ipi? Swali hili si la mafundi peke yao. Seva ndogo ya jumuiya katika chumba cha nyuma hapa Ngagara hubeba vitabu, darsa zilizorekodiwa, na orodha ya wanaopokea sadaka na wanaotudai. Ikifa, anayeumia ni yatima ambaye hajawahi kuiona. Kwa hiyo anayeitunza ajue mambo matatu.

1. Joto

Shirika la ASHRAE la Marekani, ambalo vipimo vyake hufuatwa duniani, linapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Bujumbura mchana hufika nyuzi 30 bila shida. Chumba kikifungwa madirisha, hupita hapo.

Prosesa ikizidiwa na joto hupunguza kasi yenyewe, kisha hujizima. Kwa hiyo seva inayokuwa nzito kila alasiri na kuchangamka usiku inakueleza jambo. Usikimbilie kulaumu intaneti. Kwenye Linux, programu ya lm-sensors husoma joto la prosesa na, katika mashine nyingi, mzunguko wa feni. Seva kubwa zina IPMI, mfumo ulioanzishwa mwaka 1998, unaoweza kutoa baadhi ya vipimo hata mashine ikiwa imezimwa, mradi imeunganishwa na umeme.

Angalia pia hewa inapita wapi. Seva nyingi huvuta hewa mbele na kuitoa nyuma, basi usiisukume hadi ukutani. Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi la kiangazi huziba vichujio na kulemea feni. Zima mashine, ifungue, ipulize vumbi huku umeshika feni isizunguke.

2. Umeme

Umeme wetu mwingi hutokana na maji, kama bwawa la Rwegura lililoanza kazi mwaka 1986. Mito ikipungua kiangazi, umeme huwa wa mashaka. Msimu uleule wa vumbi ndio msimu wa kukatikiwa.

Ndani ya mashine, pawasaplai hugeuza umeme wa volti 220 kuwa wa 12, 5 na 3.3. Ule wa 12 unatakiwa ubaki kati ya 11.4 na 12.6. Ukishuka chini ya hapo, mashine hujiwasha upya bila sababu inayoonekana, na faili zilizokuwa zikiandikwa zinaweza kuharibika.

UPS hutupa dakika za kuzima kwa utaratibu, si saa za kuendelea na kazi. Betri zake za risasi kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, na kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri huo kama nusu. Hivyo chumba chenye joto hula betri pia. Kila mwezi, baada ya kunakili data, chomoa UPS ukutani na uhesabu dakika. Zikipungua mwezi hadi mwezi, anza kuchanga fedha za betri mpya.

Tuwaidhike na Kenya. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta mojawapo ikakataa kuwaka. Kumiliki jenereta ni jambo moja, kuwaka siku ya haja ni jambo jingine.

3. Daftari

Waja wema walijifanyia muhasaba, wakihesabu nafsi zao kabla ya kuhesabiwa. Seva nayo ihesabiwe. Kila Ijumaa baada ya Swala andika joto la chumba, joto la prosesa, mzunguko wa feni, volti, dakika za UPS, na hali ya diski kwa smartctl. Namba moja haisemi mengi. Namba za wiki 10 huonyesha inakoelekea.

Hata hivyo vipimo havijui ghaibu. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walichapisha utafiti wa diski zaidi ya 100,000. Zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili katika vipimo vinne vikuu. Basi nakala ya pili, katika nyumba nyingine, si anasa.

Turudi kwenye fiqhi. Diski ikifa ghafla huku daftari limejazwa na nakala ipo, huo ni mtihani. Lakini aliyeona nyuzi 38 wiki tatu na kunyamaza, naona amekaribia mno tafriti. Hukumu yenyewe nawaachia masheikh wetu. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Ngamia wetu anahitaji hewa, umeme uliotulia, na mtu wa kumtazama.

Wabillahi tawfiq.