Mkataba wa Kutoshindana na Mwajiri: Mfano wa Majimbo ya Marekani

Ukimaliza somo hili uweze kueleza maana ya mkataba huu na kuonesha kwa nini uhalali wake hutegemea jimbo.

1. Maana
Ni makubaliano ambayo mwajiriwa huahidi kwamba akiacha kazi hataajiriwa na mshindani wa mwajiri wake, wala kufungua biashara kama hiyo, kwa muda fulani. Mwajiri hulinda siri za biashara na wateja; mwajiriwa hutetea haki ya kuishi kwa ujuzi wake. Usiuchanganye na mkataba wa kutunza siri. Huo humzuia mtu kutoa siri. Haumzuii kufanya kazi.

2. Msimamo wa majimbo
(a) California: mkataba huu ni batili tangu sheria ya 1872. Kuanzia 2024 ni batili hata kama ulitiwa saini jimbo lingine.
(b) Minnesota: ni batili iwapo ulitiwa saini kuanzia Julai 1, 2023. Ya kabla ya hapo haiguswi na katazo hilo.
(c) Massachusetts: tangu Oktoba 2018 unaruhusiwa kwa masharti. Kwa kawaida muda usizidi miezi 12, na hauwezi kutumika dhidi ya aliyepunguzwa kazini.
(d) Florida: sheria humwegemea mwajiri. Kwa kawaida miezi 6 au pungufu huchukuliwa kuwa ya haki, na zaidi ya miaka 2 huchukuliwa kuwa si ya haki.

3. Swali la mfano
Rosa, mhandisi wa kompyuta mwenye mshahara wa mwezi, alitia saini mwaka 2024 kwamba hatafanya kazi kwa mshindani kwa miezi 18. Ameacha kazi kwa hiari. Je, anabanwa?

Jibu: California na Minnesota, habanwi. Massachusetts, miezi 18 imevuka kikomo, ila mahakama inaweza kuurekebisha mkataba. Florida, miezi 18 iko kati ya miezi 6 na miaka 2, hivyo mwajiri athibitishe kuwa ana maslahi halali ya kulinda. Mkataba ni uleule, mtu ni yuleyule, lakini riziki yake inaamuliwa na jimbo.

4. Alama hupotelea hapa
Watahiniwa wengi huandika, “Marekani imepiga marufuku mikataba hii.” Si kweli. Aprili 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipitisha kanuni ya kuizuia nchi nzima, lakini Agosti mwaka huohuo mahakama ya shirikisho huko Texas iliibatilisha kabla haijaanza kutumika. Kwa hiyo taja jimbo kwanza, kisha tarehe ya saini, kisha muda. Ndipo utoe uamuzi.

5. Jipime
(a) Tofautisha mkataba wa kutoshindana na wa kutunza siri. (alama 4)
(b) Rosa angetia saini Minnesota mwaka 2022, jibu lako lingebadilika vipi? (alama 3)
(c) “Sheria ya California inamlinda mfanyakazi na kumwonea mwajiri.” Jadili kwa hoja nne. (alama 8)