Kuzima jiko la mkaa kwenye banda la vifaranga

Vijana wengi mnaniuliza namna ya kuwasha jiko la kulelea vifaranga. Kuzima hamniulizi, na hatari kubwa iko huko. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzijoto 32 hadi 35, halafu unapunguza kama 3 kila wiki. Siku ya kuliondoa jiko ikifika, usije ukalimwagia maji: udongo wake utapasuka na mvuke utakuunguza mikono. Majivu nayo hayazimi. Bibi zetu walifukia moto kwa majivu ili asubuhi waukute bado mzima!

Mimi nalitoa nje kwa mishikio yake, mbali na maranda. Nahamisha makaa kwa koleo, naweka kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana. Moto ukikosa hewa unakufa. Debe silifungui mpaka kesho yake, wala siliingizi stoo. Mkaa uliobaki unawashwa tena, hakuna hasara.

Ila kuliacha lifie bandani huku mmefunga madirisha, hapana. Makaa yanayofifia hayana moshi, lakini yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inaua vifaranga, na inamuua kijana aliyelala humo kuwalinda. Ukisikia kichwa kinagonga na kichefuchefu, toka nje upesi, kisha ita mtu.